Fundi Aliyepigana na Baba

Nilianza kuuza ndizi kwenye soko la Kwa Sadala miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka na mitumba ikaanza kuingia kwa marobota. Nilikuwa binti mkubwa, sijaolewa, na mama alikuwa ameniachia meza yake ya sokoni kwa sababu magoti yake hayakutaka tena kuteremka mlima na kuupanda. Kulia kwangu alikaa mama mmoja mjane, muuza vitunguu, mwenyeji wa Kilema, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Kushoto, kwenye kibanda cha mabati kilichokuwa kitupu siku zote, alikuja kukaa fundi.

Hakuna aliyejua katokea wapi. Asubuhi moja tulimkuta ameshatandaza nyundo, koleo na jiko lake la mkaa, anaziba sufuria. Alikuwa mrefu, mweusi sana, na mashavuni alikuwa na chale za mistari ambazo kwetu hazipo. Kiswahili chake kilitushtua. Kilikuwa kifupi, kigumu, kama cha mtu anayepanga watu mstari. Ukimwambia, "Shikamoo, fundi," yeye anajibu, "Jambo sana!" Akitaka ukachukue sufuria yako anapaza sauti, "Wewe mama, kuja hapa! Sufuria iko tayari!" Mwanzoni wanawake walimwogopa. Baada ya muda wakawa wanamwigiza, na mama wa vitunguu ndiye aliyemwigiza vizuri kuliko wote, tena mbele yake, na yeye akicheka.

Sasa niseme habari za baba. Baba alikuwa mkuu wa bendi ya tarumbeta ya usharika wetu wa Kilutheri, huko juu Machame. Kwetu tarumbeta si mapambo. Ndizo zinazomtangulia bibi harusi, ndizo zinazomsindikiza marehemu, na alfajiri ya Pasaka ndizo zinazopita njia za vihambani, kwenye migomba inayozunguka nyumba zetu, kuwaambia watu kwamba Bwana amefufuka, amkeni. Vyombo vyenyewe vililetwa na wamisionari wa Kijerumani kabla baba hajazaliwa, na vilikuwa vimechoka. Kilichochoka zaidi ni besi, lile bomba kubwa ambalo mpigaji hulikumbatia kama mtoto mgonjwa. Lilikuwa limebonyea tumboni, linavuja pumzi, na pistoni zake, vile vitufe vya kubonyeza kwa vidole, zilinata. Wazee wa kanisa walikuwa wameanza kunong'ona kwamba heri vyombo viuzwe kama chuma chakavu, usharika ununue kinanda cha umeme na spika, kama makanisa ya mjini.

"Spika ni kelele," baba alikuwa akisema. "Mtu akifa utamzika kwa spika?"

Nikamwambia kwamba pale sokoni kuna fundi ambaye mkono wake ni mwepesi. Jumamosi iliyofuata baba aliteremka na besi mgongoni, akichechemea, maana mguu wake wa kushoto ulikuwa na jeraha la vita.

Fundi alipoliona lile bomba aliweka chini sufuria aliyokuwa nayo na kusimama wima. Alilipokea kwa mikono miwili. Aligeuza, akagonga kwa kucha, akaweka sikio.

"Hii mama imeumia," alisema. "Lakini haikufa."

Akazitoa pistoni, akazitumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa, akaanza kuunyoosha ubonyeo taratibu kwa mpini wa nyundo aliouviringishia kitambaa. Baba alikaa kwenye kigoda changu akimtazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni pake kwa muda mrefu. Fundi alieleza wapi panataka kulehemiwa na wapi panataka kubadilishwa springi. Baba akauliza, akajibiwa, akauliza tena. Wakawa wanazungumza kama watu waliokua kwenye boma moja.

"Umejifunzia wapi, bwana?" baba aliuliza.

"Bendi ya jeshi."

"Kumbe!" Baba akasogeza kigoda. "Hata mimi nimepita jeshini. Kikosi gani?"

"Si hapa, mzee. Uganda. Wakati wa yule mkubwa."

Nilimwona baba akiacha kutabasamu polepole, kama mtu anayevua koti. Vita vya Kagera vilipotokea, yeye na mdogo wake waliondoka pamoja na mgambo wa kwetu. Aliyerudi ni baba peke yake, na mguu ule. Kuhusu huko alikopita hakuwahi kutusimulia chochote, si mimi, si mama, wala bibi aliyewazaa wote wawili.

"Vita ilikukuta wapi?" aliuliza.

"Lukaya," fundi alisema. "Walichukua vyombo yetu, wakatupatia bunduki. Mimi mpiga besi, mzee! Hata mbuzi siwezi kulenga."

"Lukaya," baba alirudia. Alisimama, akalinyakua besi. "Mdogo wangu alifia Lukaya."

Fundi naye alisimama. Kisha akasema, "Mimi sijui nilipiga nani. Kama nilipiga. Nilikuwa ndani ya matope, nafumba macho."

"Muuaji!" baba alipiga kelele hadi wauza maharage wa upande wa pili wakageuka. "Mnajua mnampelekea nani sufuria zenu ninyi?" Akalipiga teke jiko. Mkaa wa moto ukamwagika, sufuria za watu zikaviringika hadi barabarani. Baba akaondoka na besi lake, anachechemea kwa hasira, wala hakugeuka kuona kwamba pistoni zilikuwa zimebaki ndani ya kopo la mafuta ya taa.

Tulisaidiana kuokota. Fundi alikuwa akikusanya mkaa kwa koleo, kipande kimoja kimoja. Siku zilizofuata wateja walipungua, wengine kwa chuki, wengine kwa aibu tu ya kuonekana. Mama wa vitunguu hakuwa mtu wa kupungua. Alimpelekea sufuria ambayo haikuwa na tundu.

"Hii iko nzima," fundi alimwambia.

"Basi itoboe, halafu uizibe," alijibu, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Kule nyumbani mambo yalikuwa mabaya kwa namna ya kuchekesha. Baba hakukubali kwamba amesahau pistoni. Aliziba matundu kwa magunzi ya mahindi na kufanya mazoezi hivyo hivyo. Mama alitoka jikoni akauliza ng'ombe gani anazaa. Pasaka ilikuwa inakaribia na wazee wa kanisa walikuwa wanakuja kusikiliza mazoezi, wakitoka wanatazamana.

Ndipo siku moja fundi akaniita. Alinipa kifurushi cha kitambaa. Ndani zilikuwa zile pistoni, zimesafishwa, zimepakwa mafuta, zinang'aa, na springi mpya alizozikunja mwenyewe.

"Peleka kwa afande," alisema. "Hii si kitu ya kugombania."

Nilizipeleka. Baba alizipakata mchana kutwa, chini ya migomba, bila kuzitia kwenye besi. Bibi alikuwa ameketi kwenye ngozi yake akimenya ndizi mshare za kupikia supu ya mtori, na alikuwa ameshasikia yote, maana habari za sokoni hufika juu kabla ya wanaotoka sokoni.

"Ni kweli ulimwaga moto wa mtu?" alimuuliza baba.

"Mama, yule ni adui. Alikuwa Lukaya."

"Nimekuuliza moto."

"Nilimwaga."

"Basi nenda na isale," bibi alisema, akaendelea kumenya.

Isale ni mmea tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba. Ukimkosea mtu, unakata jani lake refu, unalipiga fundo, unampelekea. Akiliona, yaliyopita yameisha. Mchagga hawezi kulikataa, hata kama umemchomea nyumba. Baba alibisha kidogo kwamba aliyekosewa ni yeye, kwamba nchi nzima ilivamiwa. Kesho yake nilimwona baba akikata jani.

Aliteremka nalo akiwa amevaa koti lake la kanisani. Soko zima lilimgeukia. Alifika mbele ya kibanda, akasimama, akanyoosha mikono miwili na lile jani lenye fundo juu yake. Alikuwa anatoka jasho.

Fundi alilitazama jani. Alimtazama baba. "Asante sana, afande," alisema kwa adabu kubwa. Akalipokea, akalifungua fundo, akalivuta kujaribu nguvu yake, akaridhika, kisha akafungia nalo mzigo wake wa vyuma vilivyokuwa vikimsumbua kwa kusambaa.

Baba alibaki na mikono hewani.

Mama wa vitunguu ndiye aliyeanza. Kile kicheko chake kilipasuka, kikaenda kwa wauza maharage, kikarudi na soko zima. "Ameombwa msamaha, yeye amefungia vyuma!" Fundi alikuwa akitugeukia huku na huku, haelewi amekosea nini, na uso wake ulivyozidi kutaka kujua ndivyo tulivyozidi kuishiwa nguvu. Nilimwangalia baba kwa woga. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

Alipopata pumzi alikaa kwenye kigoda na kumweleza maana ya jani. Fundi alisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kuufungua mzigo wa vyuma kwa haraka.

"Liache," baba alimwambia. "Limeshapokelewa. Hata bibi yangu mzaa baba hakuwahi kusikia limefanyiwa kazi kama hiyo."

"Na mimi, afande?" fundi aliuliza. "Mimi nitaleta jani gani kwa wewe?"

Baba alifikiri. "Njoo nyumbani Jumapili," alisema. "Mama yangu anataka kukuona."

Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Bibi alimkaribisha kwenye kiti, akampa bakuli la mtori, akamsubiri amalize. Alizungumza Kichagga, mimi nikatafsiri.

"Mwulize kama ana mama."

"Nilimwacha akiwa hai," fundi alisema. "Kwetu ni mbali, West Nile, karibu na Sudan. Baada ya vita nilikamatwa, nikakaa kambini upande huu. Walipotuachia, kwetu kulikuwa kumechafuka, watu wamekimbia. Sijui kama yuko."

Halafu bibi akauliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu siku alipoletewa habari za kifo. "Mwambie aniambie mahali pale pakoje. Pale mwanangu alipolala."

Niliona ugumu kulitafsiri. Fundi aliweka bakuli chini. "Ni bwawa, mama," alisema. "Kubwa. Mafunjo yanaota marefu kupita mtu. Barabara inapita katikati."

"Barabara imeinuliwa," baba alisema. Sote tulimgeukia. Alikuwa amesimama mlangoni, anatazama nje. "Imeinuliwa juu ya maji. Ukiwa juu yake unaona mbali."

"Kweli. Na kuna ndege," fundi aliendelea. "Ile yenye taji kichwani."

"Korongo. Wengi mno. Asubuhi wanapiga kelele huwezi kusikia redio."

"Upande wa mashariki kuna ziwa."

"Huo si upande mliokuwa ninyi," baba alisema.

"Sisi tulikuwa kaskazini, afande. Ziwa lilikuwa kushoto kwetu."

"Basi kulia kwetu."

Wakaendelea hivyo, mmoja akianza, mwingine akimalizia, hadi ile sehemu ikawa imekaa pale chumbani, maji yake, majani yake na ndege wake. Nilitafsiri nilivyoweza. Bibi alikuwa amefumba macho.

"Kuna baridi?" aliuliza.

"Hapana, mama," fundi alisema. "Kuna joto zuri."

"Afadhali," bibi alisema. "Huyo mtoto alikuwa hapendi baridi. Nilikuwa namfukuza jikoni kila asubuhi." Alitabasamu, akajifuta macho kwa upindo wa kanga, kisha akaniambia nimwongeze mgeni mtori, amekonda.

Toka siku hiyo fundi alipanda kwetu kila Jumapili. Besi lilipona. Tromboni nazo zikapona, na ile tarumbeta ndogo ambayo wote walishaikatia tamaa. Mpiga besi wetu alikuwa mzee aliyekuwa anaishiwa pumzi katikati ya ubeti, akaomba mwenyewe kupumzika. Baba akampeleka fundi mbele ya baraza la wazee wa kanisa aombe apige yeye.

Mzee mmoja, ambaye ndiye aliyetaka sana kile kinanda cha umeme, alipinga. "Kwanza, mtu huyu alikuwa adui wa taifa," alisema. "Pili, ni Mkatoliki."

"Mzee wangu," baba alimjibu, "sema kweli, hilo la pili ndilo linalokukera."

Mchungaji alicheka, na akishacheka mchungaji, shauri limekwisha.

Alfajiri ya Pasaka ile nilitembea nyuma ya bendi na wanawake wenzangu, taa za kandili mikononi, umande umetulowesha hadi magotini. Nilizoea tarumbeta za utotoni mwangu, nyembamba, zenye kukohoa. Safari hii besi lilikuwa linatoka chini kabisa, zito, safi, ukalisikia kwenye nyayo. Milango ilifunguliwa kihamba hadi kihamba. Ng'ombe waliitikia. Tulipofika kwenye kihamba cha yule mzee aliyepinga, alitoka na blanketi begani, akasimama, akasikiliza wimbo mzima, na ulipoisha akasema, "Hebu rudieni ule wa kwanza." Kinanda cha umeme kilinunuliwa miaka ya baadaye, na vyote vikakaa kanisani kwa amani. Kuhusu kuuza vyombo sikusikia tena.

Wakati huo watu wa mjini walikuwa wameanza kufanya harusi za msafara, magari mbele na nyuma, na walitaka tarumbeta juu ya pikapu. Baba na fundi wakawa na kazi kila Jumamosi. Mara nyingine niliwasindikiza mpaka Pasua au katikati ya mji wa Moshi. Siku moja waliitwa na familia ya Kihindu yenye duka la vitambaa, walitaka nyimbo zao wenyewe za kumsindikiza bwana harusi. Walitupatia kaseti. Fundi aliisikiliza kibandani kwake mchana kutwa, huku anaziba sufuria, akimwimbia baba kipande kwa kipande. Siku ya harusi, karibu na mnara wa saa, bibi mmoja wa Kihindi mwenye nywele nyeupe alishuka kwenye gari, akakunja sari yake kidogo, akacheza katikati ya barabara mbele ya wanajeshi wawili wa zamani waliovimba mashavu. Magari yalisimama. Hakuna aliyepiga honi.

Waligombana pia, tena sana. Waligombana juu ya nani alikimbia kwanza Lukaya, upande wao au wetu. Walichora bwawa lile kwa mkaa juu ya meza yangu ya ndizi, wakalifuta, wakalichora upya. Mama wa vitunguu aliwaambia, "Mngekuja kuuliza sisi wanawake, tungewaambia mlikimbia wote." Fundi alimtazama alivyosema hivyo, na mimi, niliyekaa katikati yao kwa muda wote huo, nikajua kwamba nitahamishwa meza.

Kuoa Kilema si mchezo kwa mtu asiye na ukoo. Kaka zake mama wa vitunguu walitaka waje wazee wa upande wa mwanamume, na mbege, ile pombe yetu ya ndizi, na maneno. Fundi hakuwa na mtu. Baba akasema, "Nitakwenda mimi." Mama alipika mbege, tukaichukua kwenye mapipa ya plastiki, tukazunguka mlima mpaka Kilema. Baba alivaa lile koti la kanisani.

Kaka mkubwa alituketisha, akaonja mbege, akaisifu. Kisha akamgeukia baba. "Wewe ni Mmachame, nasikia lafudhi. Huyu kijana wenu ni wa mbali. Undugu wenu umeanzia wapi?"

"Tulikutana Uganda," baba alisema.

"Kikazi?"

"Kikazi."

"Mlikuwa mnafanya nini?"

Baba alimtazama fundi. Fundi aliinamia kibuyu chake. "Tulikuwa tunafukuzana," baba alisema.

Halafu mama wa vitunguu, ambaye kwa desturi alitakiwa kukaa chumba cha ndani bila kusikika, akacheka. Tulimsikia kupitia ukutani. Kaka yake alijitahidi kushika uso wa mzee wa ukoo, ukamshinda. Baba akasimulia yote, bwawa, jiko lililopigwa teke, jani na vyuma. Aliposema habari za mdogo wake alisita, na kaka mkubwa akamwekea mkono begani, akamimina mbege kidogo chini kwa ajili ya marehemu. "Na huyu ndiye unayemsemea leo?" aliuliza.

"Nina mdogo mmoja tu aliyebaki," baba alijibu. "Ndiye huyu. Akimsumbua dada yenu, njooni kwangu."

Walifunga ndoa kanisani pale pale Kilema, na bendi yetu ya Kilutheri ilipiga mlangoni. Kwa kuwa mpiga besi ndiye aliyekuwa anaoa, baba alilichukua besi mwenyewe, ingawa maisha yake yote alikuwa mtu wa tarumbeta. Alikosea karibu kila mahali. Bwana harusi alitoka kanisani ameshika mkono wa mke wake, anatabasamu kwa wageni, na kwa mkono mwingine, pembeni ya suruali, vidole vyake vilikuwa vinamwonyesha baba pistoni za kubonyeza. Baba alimwona. Akaanza kumfuata vidole, na wimbo ukanyooka kabla hatujafika kwenye magari.